Mtoto hujifunza kwa mtu anayemjibu: wazazi, walimu na kanisa katika malezi ya watoto wa Kisangani

Mhubiri anaposema "Bwana Yesu asifiwe", kusanyiko hujibu "Amina". Mgeni anapopiga hodi, mwenye nyumba hujibu "Karibu". Mtoto naye hupiga hodi tangu siku anayozaliwa: kwa kilio, kwa macho, kwa mkono ulionyoshwa, baadaye kwa maneno na maswali. Akipata jibu, anajifunza kwamba sauti yake ina maana na kwamba dunia inaweza kueleweka. Akikosa jibu siku baada ya siku, anaacha kuita.

Makala hii ni kwa wazazi, walimu wa shule zetu za mkataba za Kiprotestanti, walimu wa ECODIM na wachungaji wenzetu wa Kisangani na Tshopo yote. Tunaeleza namna mtu mzima anayemsikiliza na kumjibu mtoto anavyojenga akili yake, moyo wake na imani yake. Tunaeleza pia hatari inayoujua mji wetu vizuri: mtoto asiyejibiwa huonekana mgumu, mgumu huonekana mbaya, na mbaya mwisho huitwa mchawi. Kati ya hatua hizo zote, mtu mzima anaweza kuingilia na kugeuza njia.

Maana ya kumjibu mtoto

Kumjibu mtoto si kumpa kila anachotaka. Ni mambo matatu yanayofuatana. Kwanza, mtu mzima anatambua kwamba mtoto ameita. Pili, anajaribu kuelewa anachosema: ni njaa, ni hofu, ni hamu ya kujua? Tatu, anatoa jibu linalofaa umri wake na linalofika kwa wakati. Jibu laweza kuwa "ndiyo", laweza kuwa "hapana", laweza kuwa "subiri nimalize kupika, kisha tutatazama pamoja". Neno "hapana" lililosemwa kwa upole na kuelezwa ni jibu. Kunyamaza, kucheka kwa dharau au kupiga kofi kabla ya kusikia si jibu.

Watu wa mto wetu wanaijua kazi hii. Ngoma ya Walokele inayosema ilitangaza habari kutoka kijiji hadi kijiji, na kijiji cha mbali kiliweza kujibu. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefika Yakusu mwaka 1938, alijifunza ngoma hiyo na kuandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1949. Alionyesha kwamba ngoma hufuata sauti ya juu na ya chini ya lugha yenyewe, na kwamba mpigaji hutumia maneno mengi ili msikilizaji asichanganye neno moja na lingine. Hata hivyo asiyetulia kusikiliza husikia kelele tu. Vivyo hivyo kwa mtoto mdogo: kelele yake ni ujumbe kwa yule anayetulia.

Maandiko yanatarajia mtoto aulize

Wengine hudhani Biblia inamtaka mtoto anyamaze tu. Tusome vizuri. Katika Kutoka 12, Musa anawaambia wazee kwamba watoto watauliza maana ya Pasaka, na wazazi wawe na jibu tayari. Katika Yoshua 4, mawe kumi na mawili yanawekwa ili watoto wa baadaye waulize ni ya nini. Katika Kumbukumbu la Torati 6, mafundisho hayangoji siku ya ibada. Yanatolewa nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka, na mwisho wa sura mtoto anauliza tena. Kwa hiyo swali la mtoto limo ndani ya mpango wa Mungu wa kufundisha.

Katika 1 Samweli 3, kijana Samweli anamkimbilia Eli mara tatu usiku. Eli ni mzee, macho yake yamefifia, na usingizi wake umekatizwa. Hamkemei wala hamwiti mwongo. Mara ya tatu anaelewa kwamba ni Bwana anayemwita mtoto, naye anampa maneno ya kujibu. Eli alishindwa kuwarudi wanawe wa kuzaa, Biblia haifichi hilo. Lakini usiku ule alifanya kazi ya mwalimu: alisikiliza mpaka akaelewa kilichokuwa kikimpata mtoto. Na katika Luka 2, Yesu mwenye miaka 12 anaketi kati ya walimu hekaluni akisikiliza na kuuliza. Walimu wale walimpa mtoto nafasi ya kukaa kati yao.

Yale ambayo uchunguzi umeonyesha

Wataalamu wa makuzi ya watoto katika Chuo Kikuu cha Harvard wanaeleza kwamba katika miaka ya kwanza ubongo wa mtoto huunda viungo vipya zaidi ya milioni 1 kila sekunde. Vile vinavyotumika huimarika. Vile visivyotumika hupotea. Kinachovitumikisha zaidi ni mazungumzo ya kila siku kati ya mtoto na watu wanaomlea.

Mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani alionyesha jambo hili kwa njia nyepesi katika miaka ya 1970. Mama alicheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha akaombwa kuukaza uso bila kuonyesha chochote kwa dakika chache. Mtoto alitabasamu, akanyosha mikono, akapiga sauti ili mama arudi. Alipoona hakuna jibu alifadhaika, akageuza uso. Mama aliporudi kucheza, wakapatana tena. Kuna faraja hapa kwa wazazi waliochoka: dakika chache za kukosa jibu haziharibu mtoto. Kinachoharibu ni ukimya unaokuwa desturi.

Ukimya huo ulionekana Romania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuata watoto 136 wa makao ya yatima ya Bucharest. Walikuwa na chakula, nguo na kitanda, lakini walezi walikuwa wachache na walibadilika kila mara. Nusu ya watoto walipelekwa katika familia za kuwalea. Waliopata familia waliendelea vizuri kuliko waliobaki, na waliopata familia kabla ya kufikisha miaka 2 hivi ndio walioendelea vizuri zaidi. Kituo chochote cha yatima, hata cha kanisa, kijiulize: je, kila mtoto hapa ana mtu mmoja anayemjua kwa jina, anayejua anacheka kwa nini na analia kwa nini?

Habari njema ilitoka Jamaika. Katika miaka ya 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kazi na watoto wadogo 129 wa Kingston waliodumaa kwa utapiamlo. Wahudumu wa afya wa kawaida walitembelea baadhi ya familia saa moja kila juma kwa miaka 2. Walimwonyesha mama jinsi ya kuzungumza na mtoto, kucheza naye na kumsifu, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, watoto waliotembelewa walikuwa wakipata mshahara mkubwa kwa asilimia 25 kuliko wale wasiotembelewa. Katika nchi yetu zaidi ya watoto 4 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Chakula ni lazima. Lakini kule Jamaika chakula cha nyongeza peke yake hakikuleta faida hiyo ya muda mrefu. Mazungumzo na michezo ndivyo vilivyoileta.

Nyumbani: tangu kuzaliwa hadi miaka 3

Mama wa Kisangani ana kazi nyingi. Anaamka mapema kwenda sokoni, shambani ng'ambo ya mto, au kwenye biashara ndogo barabarani. Hatumwongezei mzigo mwingine. Kumjibu mtoto hakuhitaji saa ya pekee wala franka; kunafanyika ndani ya kazi zilizopo.

Unapomnyonyesha, mtazame usoni. Akitoa sauti, irudie, kisha nyamaza kidogo, utaona anajibu. Unapomwogesha, taja sehemu za mwili. Unapochambua sombe, mpe jani moja ashike, mwambie ni laini, ni kijani. Akinyosha kidole kwa mtumbwi, sema: "Ndiyo, mtumbwi! Papa anapiga kasia." Umechukua kitu alichokiangalia yeye, ukakipa jina. Wataalamu wanasema hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujifunza maneno, kwa kuwa neno linafika wakati macho na moyo wa mtoto viko tayari.

Baba asidhani jambo hili ni la mama tu. Mtoto anayezungumzishwa na baba yake husikia sauti nyingine, maneno mengine na mchezo mwingine. Kwetu tuna desturi nzuri ya kumwita mvulana mdogo "papa" na msichana mdogo "mama", hasa akibeba jina la babu au bibi. Heshima hiyo ya jina tuiendeleze katika namna tunavyomsikiliza.

Tusimsahau yaya, dada mkubwa au kaka mkubwa. Katika nyumba nyingi, mtoto wa miaka 8 au 10 ndiye anayebaki na mdogo wake mchana kutwa. Mfundisheni naye: mdogo akilia, kwanza tazama ana nini, mwimbie, mwambie unachofanya. Na siku za masomo zisiliwe zote na kazi hiyo, kwa maana yaya pia ni mtoto anayehitaji kujibiwa.

Miaka 3 hadi 5: michezo, hadithi na maswali

Katika umri huu maswali hayaishi. Mtoto anatembea na mama yake usiku, anauliza: "Mama, mwezi unatufuata?" Mama anaweza kusema: "Acha maneno mengi." Anaweza pia kusema: "Unaona unatufuata? Tusimame, tuone kama nao utasimama." Jibu la pili halihitaji diploma. Linamfundisha mtoto kutazama, kujaribu na kufikiri. Usipojua jibu, sema: "Sijui, tutamwuliza mwalimu." Mtoto anajifunza kwamba kutojua si aibu na kwamba kuna njia ya kutafuta.

Michezo ni kazi ya mtoto. Anapojenga gari la waya, anapopika lituma ya udongo, anapocheza kanisa na wenzake na kuhubiri kama mchungaji, anapanga mawazo, anatumia lugha, anajifunza kungoja zamu. Mtu mzima aingie kidogo: "Gari hili linakwenda wapi? Bafwasende? Limebeba nini?" Kisha amwache aendelee. Asimnyang'anye mchezo ili amfundishe namna "iliyo sahihi".

Hesabu nayo inaanza hapa. Mtoto anayesaidia kupanga mafungu ya ndizi anahesabu. Mwulize: "Mafungu ni mangapi? Tukiuza mawili, yatabaki mangapi?" Mpe muda wa kufikiri. Shule ya awali, maternelle kama tunavyoiita mjini, ni msaada mkubwa, lakini wengi hawaipati. Kwa watoto hao, ua wa nyumba na darasa la ECODIM ndiyo shule ya awali waliyo nayo.

Darasani: watoto wengi, mwalimu mmoja

Makanisa ya Kiprotestanti yamekuwa katika kazi ya elimu hapa tangu mwisho wa karne ya 19, wakati misheni ya Yakusu ilipoanzishwa karibu na mji. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua hapa Chuo Kikuu Huria cha Congo, ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa uliturudishia usimamizi wa shule. Kwa hiyo hali ya madarasa inatuhusu moja kwa moja.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na utekelezaji wake ulianza Septemba 2019. Watoto wengi waliokaa nyumbani kwa kukosa karo waliingia. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini madarasa yalijaa, na mwalimu mmoja anaweza kujikuta mbele ya watoto 70, 80 au zaidi, wanne au watano kwa benchi moja. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba katika nchi yetu zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanafika miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Wanakaa darasani lakini hawajifunzi. Mwalimu anaweza kuuliza: nitamjibuje kila mmoja? Hatawajibu wote kila saa. Lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha.

La kwanza ni kungoja. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani aligundua katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi, baada ya kuuliza swali, hungoja sekunde 1 tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalikuwa marefu na bora, na hata watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Mwalimu, uliza, kisha hesabu moyoni hadi tatu.

La pili ni kutumia kosa kama mlango. Mtoto anaandika ubaoni kwamba 15 toa 8 ni 13. Darasa linacheka. Mwalimu anaweza kusema "Mjinga, keti." Anaweza pia kusema: "Tuonyeshe ulivyofanya." Mtoto anaeleza kwamba alitoa 5 kwenye 8 akapata 3, kisha akaiacha 1 mahali pake. Sasa mwalimu anajua ugonjwa ulipo, na pengine watoto 20 wengine wana ugonjwa uleule. Kosa moja lililosikilizwa limefundisha darasa zima.

La tatu ni kuwapanga wawili wawili. Katika darasa la watoto 80, kila mtoto akimweleza jirani yake kwa dakika 2, watoto 40 wanasema kwa wakati mmoja, na 40 wanasikiliza. Kuna kelele, lakini ni kelele ya kazi.

La nne ni jina. Mwalimu achague kila siku watoto watano wa kuzungumza nao kwa dakika moja moja, mlangoni au wakati wa mapumziko. Kwa majuma matatu hadi manne atakuwa amewafikia wote 80. Aanze na wale wanaokaa nyuma.

Je, mambo haya yanafaa katika nchi iliyopita vitani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, pamoja na shirika la International Rescue Committee, walifuata maelfu ya watoto wa shule za msingi katika Katanga ya zamani. Walimu wao walifundishwa kujenga darasa lenye usalama na upendo pamoja na kufundisha kusoma na hesabu. Baada ya mwaka mmoja watoto walisema shule na walimu wao wanawasaidia zaidi, na katika baadhi ya masomo palikuwa na maendeleo kidogo. Hayakuwa maendeleo makubwa wala ya masomo yote. Tunalisema wazi ili mtu asidhani tabasamu la mwalimu linachukua nafasi ya vitabu, mshahara unaofika kwa wakati na madarasa yasiyovuja. Mwalimu asiyejibiwa na wakubwa wake huchoka kuwajibu watoto.

Lugha ya mtoto

Mtoto wa Mangobo au Kabondo anasikia Kiswahili na Lingala nyumbani na barabarani, na pengine lugha ya bibi yake. Akiingia darasani anakutana na Kifaransa. Mtoto asiyeelewa swali hawezi kujibu, na mwalimu anaweza kumdhania mvivu. Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 inakubali lugha zetu za taifa na lugha za mazingira zitumike katika kufundisha. Mwalimu aeleze jambo jipya kwa lugha anayoielewa mtoto, kisha ampe neno la Kifaransa. Mzazi asione aibu kumzungumzisha mtoto wake Kiswahili au lugha ya kijiji. Afadhali Kiswahili chenye maneno mengi na mawazo kamili kuliko Kifaransa cha amri mbili tatu: "Njoo, keti, nyamaza."

Nidhamu

Wazazi wengi husema: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini mbichi hukunjwa kwa mkono taratibu, ukimpiga atavunjika. Nidhamu ni sehemu ya kumjibu mtoto, maana mtoto asiye na mipaka ana hofu pia. Sheria za nyumba ziwe chache, zieleweke, na zifuatwe na wote, hata wakubwa. Mtoto akikosa, aambiwe kosa lake, asikilizwe, arekebishe alichoharibu.

Fimbo, matusi na aibu mbele ya wengine hufundisha jambo moja haraka: kujificha. Mtoto mwenye hofu hutumia nguvu ya akili yake kulinda mwili wake. Haibaki nguvu ya kukumbuka somo. Wanaotetea fimbo kwa kitabu cha Mithali wakumbuke pia fimbo ya Zaburi 23: ni ya mchungaji, na kondoo anafarijiwa nayo. Efeso 6 na Kolosai 3 zinawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao wala kuwakatisha tamaa.

Mtoto aliyeona vita au kukimbia

Mji wetu unazikumbuka siku sita za tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana katikati ya raia. Watoto wa siku zile ni wazazi wa leo. Tangu 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola umewafukuza watu wengi katika nyumba zao, hasa upande wa Lubunga, na watoto wamelala katika makambi na majengo yasiyo yao.

Mtoto aliyepitia hayo anaweza kukojoa kitandani, kupigana ovyo, kushtuka kwa sauti, kusahau alichojua, au kunyamaza kabisa. Si ukaidi. Mwili wake bado unangoja hatari. Anahitaji mtu mzima yuleyule kila siku, saa zilezile za kula na kulala, ruhusa ya kuchora au kusimulia bila kulazimishwa, na mchezo pamoja na wenzake. Hali ikidumu kwa majuma mengi, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Na katika ECODIM mtoto wa Kimbole na wa Kilengola waketi benchi moja, waimbe wimbo mmoja.

Mtoto anayeitwa mchawi

Hapa ndipo jambo lote linapopimwa. Mtoto hasemi akiwa na miaka 4. Mwingine anaanguka kifafa. Mwingine anakojoa kitandani, ana tumbo kubwa, anazungumza peke yake, au ni yatima aliyeletwa kwa mjomba na mwezi uleule mjomba akapoteza kazi. Familia inatafuta maana. Jirani anasema neno. Mtoto anapelekwa katika nyumba ya maombi, anafungwa, ananyimwa chakula kwa jina la kufunga na kuomba, anapigwa mpaka akubali. Baadaye unamkuta anaishi sokoni.

Sababu za hali hizo zinajulikana na nyingi zina msaada. Mtoto asiyesema huenda hasikii. Piga makofi nyuma yake uone kama atageuka, kisha mpeleke hospitalini apimwe. Kifafa kina dawa. Malaria kali yaweza kuacha madhara katika ubongo. Njaa na minyoo huleta tumbo na usahaulifu. Msiba huleta ukimya. Na mtoto aliyeulizwa mara mia kama yeye ni mchawi, akipigwa kila anapokana, mwisho atakubali. Kukubali huko si ushahidi wa lolote.

Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Mchungaji hayuko juu ya sheria hiyo.

Tena hayuko juu ya mfano wa Bwana wake. Katika Marko 9 analetewa mtoto anayeanguka na kutoa povu, na Maandiko yanasema wazi kwamba alisumbuliwa na pepo. Hata hapo Yesu hamshtaki mtoto. Anamwuliza baba hali hiyo ilianza lini, kama anavyouliza mganga mwema. Anamshika mtoto mkono, anamwinua. Luka 9 inaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake. Mtoto aliingia katika mikono ya Yesu akatoka na afya, na nyumba yake akaipata tena. Maombi yoyote yanayomtoa mtoto nyumbani kwake na kumtupa barabarani hayafanani na yale.

Kwa hiyo familia ikileta mtoto wa namna hii, mchungaji amwombee kwa upole mbele ya wazazi, bila kumfunga wala kumpiga, kisha aulize maswali: ilianza lini, anasikia, anakula nini, nani alifariki, anaishi na nani? Awasindikize hospitalini siku hiyo hiyo ikiwezekana. Na arudi nyumbani kwao juma linalofuata, kwa sababu jirani aliyesema neno la kwanza atalisema tena.

Kanisa lifanye nini

Tunapendekeza mambo matano ambayo parokia yoyote inaweza kuanza.

1. Walimu wa ECODIM wafundishwe kuuliza na kungoja, si kuwakaririsha watoto mistari tu. Kila kundi liwe na mwalimu anayejua majina ya watoto wake wote.

2. Idara ya akina mama ipange kuwatembelea wazazi wapya, kama wahudumu wa Jamaika walivyofanya: saa moja kila juma, kuzungumza na kucheza na mtoto kwa vitu vilivyopo nyumbani. Akina baba nao wafundishwe, hasa wakati wa mafunzo ya ndoa.

3. Shule zetu zikubaliane kuacha fimbo na matusi, na kamati za wazazi zisaidie kulifuatilia.

4. Kila mchungaji ajue kituo cha afya kilicho karibu, na jina la mhudumu wa kumpelekea mtoto mwenye kifafa, asiyesikia au asiyesema.

5. Kila mhubiri atamke mimbarani, angalau mara moja kila mwaka, kwamba katika kanisa hili hakuna mtoto atakayeshtakiwa kwa uchawi. Neno hilo likisemwa hadharani, bibi mwenye hofu atajua pa kumkimbizia mjukuu wake.

Wanafunzi wa Yesu waliwakemea waliowaleta watoto, na Bwana akachukizwa. Aliwakumbatia, akaweka mikono juu yao, akawabariki. Watoto wa Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Lubunga na komini ya Kisangani wako mlangoni petu na wanapiga hodi. Mungu atupe masikio ya kuwasikia na kinywa cha kuwajibu "Karibu". Amina.